Kegi katika Nyumba ya Mkaa

Chupa ya kwanza ilipasuka katikati ya maombi. Wanawake wa ushirika walikuwa wamejaa sebuleni kwa Gladys, pale mtaa wa Dallas, mjini Embu, vichwa vimeinama, mmoja wao akiwaombea wagonjwa kwa sauti ya chini. Ghafla kabati la jikoni likatoa mlio kama wa tairi la lori linalopasuka. Ya pili ikafuata. Ya tatu ilifungua mlango wa kabati kwa kishindo, na bia ya mtama ikaanza kutiririka sakafuni, ikapita chini ya meza, ikavifikia viatu vya wageni vilivyopangwa mlangoni.

Aliyekuwa akiomba alisema amina mapema kuliko alivyokusudia.

Mugendi, mume wa Gladys, alikuwa chumbani akisikia yote. Alikuwa ameifunga ile bia chupani kabla hamira haijamaliza kazi yake. Sasa alilijua kosa lake, lakini ilikuwa vigumu kutoka kwenda kulieleza mbele ya ushirika mzima. Akabaki ameketi kitandani, mikono magotini, mpaka mlango wa mbele ulipofungwa na sauti za wageni zikapotelea barabarani, nyingine zikiwa na kicheko ndani yake.

Gladys aliingia na kitambaa cha kupangusia mkononi.

"Baba Wanjugu," alisema, "sikukatazi kutengeneza bia yako. Kule kwetu Meru baba alikuwa na asali yake ikichacha kila Desemba na sisi tulikua vizuri. Hujauza, hujalewa ukanipigia kelele. Lakini chupa, katika nyumba hii, basi."

"Basi," alikubali Mugendi.

"Tafuta kitu kisichopasuka."

Mugendi alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya mpima ardhi mmoja mjini, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kupotelea katika vitu. Akichora mto, masikio yake husikia maji. Bia ilimwingia hivyohivyo. Ndoo ya kuchachishia ilikaa pembeni ya kitanda, na kutoka kwenye kifuniko chake kipaipu chembamba kilitumbukia katika kikombe cha maji. Kila baada ya muda povu moja lilipanda na kupasuka, blup, kama mtu anayetaka kusema jambo kisha akaghairi. Jioni, akirudi kazini, Mugendi alilala chali na kusikiliza. Ilikuwa kama mtama unaota ndoto, na yeye amekaribishwa kuisikiliza.

Katika simu yake alikuwa ameona watu wa nchi za mbali wakimimina bia kutoka kwenye kegi, yale mapipa membamba ya chuma: gesi inaingia upande mmoja, bia inatoka upande wa pili, hakuna chupa, hakuna kabati. Walikuwa na friji maalumu, bomba zinazong'aa, na gereji kubwa za kuwekea hayo yote. Mugendi hakuwa na hata kimojawapo. Wanjugu, binti yao, alikuwa shule ya bweni, na kila senti ilikuwa na mahali pake kabla haijafika mkononi. Lakini alijua kwamba vitu vya watu wakubwa, vikichakaa, hushuka polepole hadi mahali ambapo mtu kama yeye anaweza kuvifikia.

Walipokwenda Meru kumwona mama yake Gladys, Mugendi aliwaaga akasema anakwenda kunyoosha miguu. Miguu ilimpeleka Majengo, nyuma ya mabucha, si mbali na msikiti, ambako mzee mmoja mwenye kofia ya darizi aliuza vyuma vikuukuu: masufuria ya mikahawa, vitanda vya hospitali, mizani isiyopima. Na pale, katikati ya magurudumu ya baiskeli, ilisimama kegi. Ilikuwa imebonyea ubavuni kidogo. Mugendi alipochuchumaa na kufungua kifuniko, ilimpulizia harufu ya soda ya machungwa, hafifu, ya miaka mingi iliyopita, kama sherehe iliyoisha akiwa bado njiani.

"Waitakia nini?" aliuliza mzee.

"Bia," alijibu Mugendi, kisha akaona haya, maana watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kuswali.

Mzee alicheka taratibu. "Mimi mambo ya bia siyajui na sitaki kuyajua. Hii ilikuwa ya soda, imetoka hoteli iliyofungwa. Nakuuzia chuma tu. Utakachotia ndani ni baina yako na Mola wako."

"Na ikivuja?"

"Nirudishie, nitampa mtu wa maziwa."

Gesi, ile inayotia soda mapovu, aliipata Embu kwa Kathuri, fundi aliyehudumia mashine za soda za mikahawa. Kathuri alimpa mtungi mdogo uliokwaruzika, regulata ya kubana gesi isitoke kwa fujo, na onyo. "Mkubwa, hii kitu usiifungie kwa chumba unacholala. Haina harufu. Inalala chini kama maji, na wewe ukilala hapo hauamki. Weka mahali upepo unapita."

Mugendi alikumbuka chumba chake, ndoo na kitanda. Siku hiyohiyo alihamishia kila kitu kwenye ukumbi wa nyuma.

Aliiosha kegi kwa maji ya moto na magadi mpaka harufu ya machungwa ikakata tamaa. Akamimina bia mpya ndani, iliyomaliza kuchacha safari hii, akafunga, akafungulia gesi. Mshale wa geji, kipimo cha gesi, ulipanda, ukatulia. Akaweka sikio kwenye chuma. Ndani kulikuwa na mnong'ono mdogo, kama mvua inayonyesha kijiji cha pili. Alikwenda kulala akiwa na furaha.

Asubuhi mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Mtungi wote ulikuwa umekwisha, gesi imetorokea angani kupitia ringi moja ya mpira iliyopasuka, ufa wake mwembamba kama unywele. Kathuri alipoisikia habari hiyo alimwonyesha namna ya kupaka povu la sabuni kwenye viungo vyote na kutazama panapotoa mapovu. "Ungekuja kuniuliza mapema," alisema, akamjazia tena na kumpa ringi mpya.

Mara ya pili haikuvuja. Lakini ukumbi wa nyuma ulipigwa na jua mchana kutwa, na bia yenye joto haishiki gesi. Gladys alionja kikombe, akakaa nacho mdomoni akitafuta neno la huruma.

"Ni kama maji yaliyolowekewa mtama," alisema mwishowe.

"Inataka baridi."

"Friji yetu ina maziwa, na hata bila maziwa hiyo kitu haiwezi kuingia." Akaizungusha bia kikombeni. Kisha akasema, bila kumtazama, "Kwenu kuna ile nyumba ya mkaa."

Mugendi aliinama kuipangusa kegi. Gladys alinyanyuka, akamwacha hapo.

Kwao kulikuwa Gachoka, kule chini Mbeere, ambako jua halina mzaha. Baba yake alikuwa ameijenga ile nyumba kwa ajili ya maziwa: chumba kidogo cha kuta za waya wa kuku, waya mbilimbili, na katikati ya waya mkaa umeshindiliwa. Juu ya kuta, paipu yenye matundu ilidondosha maji. Mkaa uliloa, upepo ukapita katika mkaa, na ndani, hata adhuhuri ya Februari, kulikuwa na ubaridi wa alfajiri. Mugendi na kaka yake Nthiga walikuwa wakijificha humo wakiwa wadogo, wamekaa sakafuni, wakisikiliza matone.

Baba alipofariki, wazee walisema kwa kuwa Mugendi kazi yake ni ramani, yeye ndiye achore mstari wa kugawa shamba. Aliuchora kwa haki kadiri alivyoweza. Nyumba ya mkaa ikabaki upande wa Nthiga, miti ya mikau, ile ya mbao ngumu, upande wa Mugendi. Siku ya kuwasomea watu mgawanyo huo, Nthiga, aliyelima ardhi ile tangu ujana, aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akasema mbele ya wote, "Umejua kuchora shamba usilolijua kwa jembe." Watu wengine walicheka. Mugendi alikunja ramani zake, na tangu siku hiyo alikuwa hajakanyaga Gachoka. Kwenye mazishi ya jamaa walipeana mikono kama wageni.

Jumamosi iliyofuata Gladys aliazima pikapu ya Antony, jirani yao, akaipakia kegi mwenyewe kwa msaada wa mumewe ambaye alikuwa bado anasema labda wiki nyingine. Wakashuka. Kahawa ikaisha, kisha mahindi, udongo ukabadilika rangi, hewa ikaingia dirishani ikiwa na joto na harufu ya majani makavu. Mugendi alitazama vilima vikipita, vile ambavyo alikuwa amevichora mara nyingi kwa wino bila kuvitazama. Ilikuwa kama kuona uso wa mtu unayemjua kwa barua tu. Kegi iligongagonga nyuma.

Kanini, mke wa Nthiga, ndiye aliyetoka kuwalaki. "Shemeji!" alipaza sauti, akamkumbatia Gladys kwanza, kisha akamshika Mugendi mkono wake kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia upesi. "Mwenyewe yuko kiwanjani, anapepeta."

Nthiga alikuwa amesimama katika vumbi la makapi, ungo mikononi, mtama mweupe ukimwagika mbele yake kama mvua ndogo iliyo chini ya amri yake. Alimwona ndugu yake. Kisha macho yake yakahamia kwenye chuma kilichobebwa.

"Hicho ni nini?"

"Kegi."

"Ya kufanyia nini?"

"Bia. Ya mtama. Inataka mahali pa baridi, nami sina." Mugendi alisikia sauti yake ikiwa ndogo. "Nilifikiria nyumba ya baba."

Nthiga alijaza ungo mwingine, akaupepeta wote hadi mwisho. Makapi yaliruka, yakawaangukia wote wawili.

"Nyumba ya baba imekufa," alisema. "Panya walitoboa waya. Nusu ya mkaa Kanini amepikia."

"Tunaweza kuijaza."

Nthiga aliushusha ungo. "Tunaweza," alisema, polepole, kama anayejaribu kiatu cha zamani kuona kama bado kinamwingia.

Wakaijaza. Nthiga alikuwa na gunia la mkaa. Mugendi alikunja mikono ya shati lake la ofisini akaziba matundu ya waya kwa koleo. Hawakuzungumza mambo makubwa. Walisema shika hapa, vuta, ongeza, hapo sawa. Vumbi jeusi liliwapaka nyuso mpaka Kanini, alipoleta chai, akawauliza yupi ni yupi. Jua lilipoanza kulegea walifungulia maji. Paipu ilikohoa kutu, ikatulia, na tone la kwanza likaanguka juu ya mkaa mkavu na kunywewa papo hapo. Yakafuata mengine. Harufu ikapanda, ya mkaa uliolowa, ya zamani mno, na Mugendi akaivuta puani. Alikuwa na umri wa mtoto wa shule, na pia mvi kidevuni, vyote kwa wakati mmoja.

"Unaisikia?" aliuliza Nthiga.

"Naisikia."

Walisimamisha kegi katikati ya chumba, pale palipokuwa pa makopo ya maziwa. Mugendi alipaka povu la sabuni kwenye viungo. Hakuna kilichotoa mapovu. Akafungulia gesi. Akamweleza kaka yake kwamba ubaridi huu si wa friji, kwa hiyo gesi lazima isukume zaidi na wao wangoje zaidi. Watu wengine huitikisa kegi ili bia inywe gesi haraka, alisema, lakini ladha yake hubaki na hasira.

"Basi tungoje," alisema Nthiga. "Mimi nimengoja mvua maisha yangu yote."

Jumatatu Mugendi alikuwa kwenye meza yake ya kuchorea huko Embu, simu ikalia. Jina la kaka yake liliandikwa kwenye kioo, jina ambalo simu ile haikuwahi kulionyesha.

"Mshale uko palepale," alisema Nthiga.

"Vizuri."

"Nimemwagilia mkaa asubuhi."

"Vizuri. Asante."

Kisha simu ikakatika.

Jumanne alipiga tena. Mshale ulikuwa umeshuka kidogo. Mugendi akamwambia ni bia inayokunywa gesi, asiogope. Jumatano Nthiga alieleza kwamba kuna chura amehamia ndani ya nyumba ya mkaa, mdogo, wa kijani, na anakaa juu ya mtungi kama bawabu. Alhamisi alisema mshale uko sawa, kisha akaendelea: goti lake la kushoto, bei ya mtama ya madalali, Kanini anayetaka kufuga kuku wa mayai. Ijumaa Mugendi ndiye aliyepiga. Alisahau kuuliza habari za mshale hadi walipokuwa wanaagana.

Wiki zile alizipitia kama mtu anayetembea ndani ya maji ya uvuguvugu. Akichora, mkono wake ulienda wenyewe, na masikioni alikuwa na matone. Mara moja mpima ardhi alimkuta ameacha kalamu hewani, anatabasamu na ukuta. Gladys, jikoni, alimsikia akicheka kwenye simu kwa Kimbeere, kicheko ambacho hakuwa amekijua, cha kijana. Alipunguza moto wa jiko ili asikie vizuri.

Siku ya kuifungua kegi ilipofika walishuka tena na pikapu ya Antony. Nthiga alikuwa amefagia njia ya kuelekea kwenye nyumba ya mkaa. Ndani, mwanga ulipenya kwenye mianya ya mkaa kwa nukta ndogondogo, ukatua juu ya kegi, juu ya magunia waliyotandika, juu ya mabega yao. Mugendi alifunga kipaipu cha kumiminia na bomba dogo la plastiki mwishoni mwake. Akafungua.

Kegi ilinguruma na kutema povu tupu. Kikombe kilijaa povu, likapanda kwenye kiwiko chake, likaruka ukutani. Chura akatoka mbio. Kanini alipiga yowe, Gladys akacheka mpaka akainama, na Nthiga, uso wote ukiwa na madoa meupe, aliuliza kwa upole, "Ndivyo inavyokuwa?"

"Paipu ni fupi," alisema Mugendi, akijipangusa. "Bia inafika kikombeni kabla haijatulia."

Nthiga alitoka, akarudi na mpira mwembamba mpya uliobaki alipofunga umwagiliaji wa matone kwenye bustani ya Kanini, mrefu, umezungushwa kama nyoka aliyelala. Kanini aliupitishia maji yanayochemka mara kadhaa. Mugendi aliukata, akaufunga, akaupitisha ukizunguka kegi mzunguko baada ya mzunguko. Akatoa gesi kidogo. Akafungua tena, safari hii akiwa ameinamisha kikombe.

Bia ilikuja bila kelele. Ilikuwa na rangi ya udongo wa barabara baada ya mvua, na juu yake povu jembamba lililokaa mahali pake. Kikombe cha kwanza alimpa kaka yake.

Nthiga alikuwa ameuza mtama kwa madalali wa viwanda vya bia miaka mingi. Magunia kwa magunia yaliondoka shambani mwake, yakapanda lori, yakapotea. Mwenyewe hakuwahi kuonja. Hakuwa amekula kiapo, ila hakuwahi kupata sababu. Alinusa kwanza. Akanywa kidogo, akafumba macho. Mugendi alimtazama kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

"Inauma ulimi," alisema Nthiga. "Kisha inaacha." Akanywa tena. "Kuna mkate humu. Na kuna ile harufu ya kiwanja siku ya kupura. Huu ni mtama wa wapi?"

"Wa soko la Embu. Sikuwa na njia ya kuomba wako."

Nthiga alikigeuzageuza kikombe. Maji yalidondoka ukutani.

"Lile neno nilisema mbele za watu," alisema. "Ningekufuata barabarani nikuombe radhi siku ileile. Nikajiambia kesho. Kesho ikawa ndefu."

"Na mimi ningerudi."

"Ungerudi," Nthiga alikubali. "Mtama mwingine utachukua hapa. Gunia limo ghalani."

Mugendi aliitikia kwa kichwa. Akawamiminia wanawake. Kanini alisema ni chungu lakini akamaliza. Gladys alionja, safari hii hakutafuta neno la huruma. Alikunywa tu, akakirudisha kikombe chake kwenye bomba kijazwe tena, kisha wanawake wote wawili wakatoka kwenda kutazama nyama jikoni.

Mugendi aliufunga mtungi wa gesi, upepo ukipita kutani na mlango ukiwa wazi, na ndugu wale wakabaki wameketi juu ya magunia, migongo kwenye mkaa wenye unyevu, hatua chache kutoka kwenye jua la mchana ambalo halikuweza kuingia. Nthiga alikuwa akieleza juu ya bonde lenye maji chini ya mikau, ambako mtu angeweza kuotesha migomba bila shida. Sauti yake ilipungua. Maneno yakawa machache, kisha moja moja, kisha yakaacha kuja. Mugendi aligeuka, akakuta kichwa cha kaka yake kimeegemea bega lake, mdomo wazi kidogo, akikoroma polepole, kikombe kimesimama salama kati ya magoti.

Gladys alikuja mlangoni. "Chakula kinapoa," alisema. "Mwambie kaka yako anangojwa."

"Amelala."

Gladys alisimama kidogo kizingitini, akampungia Kanini mkono kuelekea jikoni kwamba asubiri. Akaingia, akaketi upande wa pili wa mumewe, akavua viatu, akaziweka nyayo zake kwenye sakafu ile baridi.